Kompyuta ya Zipporah

Basi la Kilifi lilikuwa limeshapita Gede, na Twahir, fundi wa kompyuta, alikuwa angali akimsimulia mama aliyeketi naye, ambaye hata jina hakumjua.

“Mafaili yote ya ofisi yetu yako kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu. Jumapili niliibadilisha anwani, nikaziunganisha upya kompyuta zote, ya mwenzetu Zipporah nikaisahau. Jumatatu hakupata faili hata moja.”

“Hakukwambia?”

“Aliniambia mara nne. Nikamjibu anakosea neno la siri. Hata kitini sikuinuka.”

Ripoti ya Zipporah ikachelewa. Meneja alipouliza, Twahir akasema Zipporah hajui kompyuta. Zipporah akaachishwa kazi, baada ya miaka kumi na tisa.

“Juzi ndipo nilipokaa mezani pake,” alisema Twahir. “Dakika mbili tu, mafaili yakafunguka. Sasa naenda kwake Dabaso kumtaka radhi; kwa simu nimemwambia tu kwamba naja kumwona.”

“Na meneja umemwambia?”

Twahir akatazama nje. “Nikimwambia, mama, mimi nami sina kazi. Nina watoto.”

“Yeye hana?”

“Anao. Lakini kumtaka radhi si bora kuliko kunyamaza?”

“Bora kwa nani, mwanangu?”

Makanga akagonga bati, basi likasimama Dabaso. Twahir akashuka. Ng’ambo ya barabara Zipporah alikuwa amekuja kumpokea, amevaa leso mpya. Alipomwona akampungia mkono, akamwita kwa sauti ya furaha, kwa kuwa tangu afukuzwe, hakuna mwingine wa ofisini aliyekuja kumjulia hali.