Kichwa cha Treni cha Mzee Malimi

Kwenye benchi la kahawa pale Mkolani, Luhende alikuwa ameshika mkasi wa bati tangu asubuhi na mapema, na hakuwa na mpango wa kuuweka chini. Huyu ni fundi mstaafu wa karakana ya reli, mbishi wa kuzaliwa. Saa nne rafiki yake Malimi, aliyeendesha treni miaka thelathini na sasa haoni, anapanda basi kuhamia Malampaka kwa binti yake. Luhende ameapa rafiki yake hataondoka mikono mitupu. Amemtengenezea kwa makopo ya maziwa kichwa cha treni alichokuwa akiendesha, akitambue kwa vidole. Yamebaki magurudumu tu, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

— Chukua treni ya plastiki dukani kwangu, Vasant alisema. Toa bodi, bakiza magurudumu, pachika bati lako juu. Dakika kumi umemaliza.

— Sitaki cha kuungaunga. Mimi naanza sifuri.

— Kuungaunga kuna ubaya gani? aliuliza Ngosha, mpiga debe wa stendi ya Buzuruga wanayemwita Profesa. Mabasi mangapi pale stendi yalizaliwa malori? Na wewe mwenyewe pua ya baba, miguu ya wajomba. Umeungwaungwa.

Luhende akakata duara lingine.

— Tena hiyo sifuri yako ya uongo, Profesa akaendelea. Kopo si ulilikuta limeshatengenezwa? Anayeanza sifuri akachimbe chuma mwenyewe.

— Na kopo lilikuwa la maziwa, Vasant akadakia. Aanze na ng'ombe.

— Ng'ombe ninao, Luhende alijibu. Ningekuwa na muda ningeanza naye.

Saa tatu na nusu gurudumu la mwisho likakaa, limepinda kidogo. Malimi akafika, kashikwa mkono na binti yake Modesta.

— Shikamoo mzee, Profesa akampisha.

— Marahaba.

Luhende akamwekea kile kichwa mapajani. Vidole vikapita puani, madirishani, kwenye honi. Malimi akatabasamu.

— Ndiye mwenyewe.

Kisha vidole vikarudi ubavuni, vikapapasa, vikapapasa tena.

— Luhende, ngazi iko wapi? Mimi nilikuwa napandia wapi?

Profesa akachungulia kikombe chake. Luhende maisha yake yote kazini alikuwa shimoni, chini ya tumbo la injini. Kila nati anaijua, ila hakuwahi kupanda kama dereva. Aliona aibu, na ikamuuma kweli.

— Modesta mwanangu, alisema, basi la saa nne liache liende. Mtapanda la mchana.

Akavuta kopo la mwisho.

— Malimi, vidato vilikuwa vingapi?

Mzee akainua mguu wa kulia hewani, kisha wa kushoto, mkono mmoja ukishika bomba ambalo halipo.

— Vinne. Cha kwanza kiko juu, lazima ujivute.

Profesa akalishika kopo lisiteleze, na Luhende akaanza kukata.