Namba ya Chuma

Kijiwe cha vyuma chakavu kina benchi moja, birika la kahawa na watu watatu wasiokosa. Asubuhi hiyo Mzani, mnunuzi wa vyuma aliyepewa jina hilo kwa kukadiria kilo kwa mkono, hakukalika. Anakaa, anasimama, anachungulia barabara. Binti yake alikuwa kwenye mtihani wa kemia, na jana alikuwa amemuuliza namba ya atomiki maana yake nini. Miaka ishirini kwenye vyuma, angekubalije kushindwa? Akajibu kwa sauti nzito kwamba ni daraja la ubora: namba kubwa, mali bora. Tangu hapo roho yake haijatulia.

— Nilimwambia sawa, au siyo?

— Sawa wapi! — alidakia Waya, fundi umeme. — Dhahabu sabini na tisa, risasi themanini na mbili. Basi mvishe mkeo pete ya risasi!

Mzani akasimama tena.

— Sasa ni nini?

— Nguvu ya shoti. Shaba ishirini na tisa, ndiyo maana inapitisha umeme.

— Na chuma, ishirini na sita, hakipitishi?

— Kinapitisha kwa uvivu.

Profesa, fundi viatu, akaweka kikombe chini.

— Nyote mmepotea. Ni umri. Chuma kikishika kutu, namba inashuka, inashuka, hadi moja. Moja ni hidrojeni, gesi. Kinapaa! Mnadhani mabati huishia wapi?

— Acha wewe!

— Tena risasi ukiipunguzia tatu tu, una dhahabu.

— Unaipunguza kwa kitu gani? — aliuliza Waya.

— Msasa.

Waya alicheka hadi kahawa ikamwagika. Mzani hakucheka. Binti yake alikuwa anavuka barabara, sare imejaa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba. Lilikuja lile swali? — Mzani aliuliza.

— Lilikuja.

— Ukaandika nilivyokwambia?

— Hapana, baba. Nilimuuliza mwenzangu getini, kabla hatujaingia. Ni idadi ya protoni kwenye kiini cha atomu. Chuma ni ishirini na sita, hata kikishika kutu. Idadi ikibadilika, hicho si chuma tena.

Profesa akainamia viatu vyake. Mzani alishusha pumzi, kisha aibu ikampanda hadi masikioni.

— Ila baba, nusura niandike la kwako. Kwa nini hukusema tu kwamba hujui?

Mzani akawatazama wenzake. Waya alikuwa anafuta kahawa iliyomwagika.

— Sijui, mwanangu — alisema.