Domitila Ical, Aliyeikataa Sauti ya Mpakani

Padri wetu, mheshimiwa alkalde, ndugu, jamaa na majirani wa Raxha, nanyi mliosafiri kutoka Punta Gorda, Barranco na Belmopan, kwa niaba ya familia ya Ical na familia ya Zúñiga naomba utulivu wenu, niwasomee maisha ya mpendwa wetu, shangazi yangu, wakili Domitila Ical, ambaye mwili wake uko mbele yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Raxha, wilaya ya Toledo, wakati nchi yetu ya Belize ikiitwa bado Honduras ya Waingereza, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Anselmo Ical, aliyekuwa alkalde, yaani mkuu wa kijiji na hakimu wake, na Mama Petrona Tush, na siku hiyo wanaume walikuwa mlimani wakifukiza ubani na kuuomba mlima ruhusa ya kupanda mahindi. Wote waliokuwako walisimulia mpaka kufa kwao kwamba mtoto alitoka macho wazi, bila kulia, na kwamba kwa muda ule wote hakuna nyenje aliyelia msituni, wala jogoo, wala mbwa, mpaka mkunga alipomnong'oneza jina lake sikioni, ndipo akalia, na msitu nao ukaendelea.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa kijijini kuanzia mwaka 1964, akaenda sekondari Punta Gorda mwaka 1972, akasomea ualimu Jiji la Belize, kisha akarudi kufundisha hapa hapa, na ni yeye aliyewasomea watoto Katiba nchi ilipopata uhuru Septemba 1981, akiwatafsiria kwa Kiq'eqchi', lugha yetu ya nyumbani, mstari kwa mstari. Mwaka 1983 alipata nafasi ya kusomea sheria Barbados, na huko ndiko lilikotokea jambo alilopenda kutusimulia, kwamba mwalimu mmoja alichora ubaoni vyanzo vya sheria mfano wa ngazi, Katiba juu kabisa, chini yake sheria za Bunge, chini yake hukumu za majaji waliotangulia, na mwisho, karibu na sakafu, mila za watu, kisha akauliza nani ana swali.

"Katiba yenyewe ilipewa ruhusa na nani?" akauliza Domitila.

"Na wananchi," akajibu mwalimu.

"Mimi ni mwananchi, nilikuwa mtu mzima mwaka ule wa uhuru, na kijiji chetu hakikuulizwa."

"Labda karani alipotea njia ya kwenu!" akadakia kijana mmoja nyuma, na darasa zima likaangua kicheko, isipokuwa mwalimu, aliyesema kwamba swali hilo lilimshinda tangu na yeye akiwa mwanafunzi.

Baada ya Barbados alimalizia masomo ya uwakili Jamaica, akaapishwa mwaka 1988, akafanya kazi katika ofisi za serikali Belmopan, na mwaka 1994 akafungua ofisi yake mwenyewe Punta Gorda, juu ya duka la vitambaa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Julai 1985, akiwa likizoni, na Bwana Alban Zúñiga, fundi seremala, Mgarifuna, kabila la watu wa pwani, kutoka Barranco, mtu wa maneno machache na mkono stadi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Petrona, aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye leo ni muuguzi, na Marcos, aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni mwalimu. Mwaka 1996 waliuomba mkutano wa kijiji ruhusa ya kujenga hapa, wakapewa, kwa masharti ya mila yetu ambayo Bwana Alban aliyasikia kwa masikio yake, kwamba mgeni aliyeoa hapa hukaa kwa ajili ya mkewe, na mkewe akifariki yeye hurudi kwao, na watoto hubaki.

Mwaka 1999 wizara ilitoa kibali cha kukata miti kwa kampuni moja, na mashine zikaingia upande wa kaskazini, kwenye mashamba yetu yaliyopumzishwa, zikang'oa hata mikakao ya Mama Petrona, na Domitila akafungua kesi Mahakama Kuu. Alidai kwamba Katiba inalinda mali ya kila mtu, na kwamba mali haizaliwi na hati peke yake, huzaliwa pia na mila iliyo ya kale, ya hakika na inayofuatwa mpaka leo. Wakili wa serikali alikuwa Bwana Egbert Gillett, Mkrioli wa Jiji la Belize, mnene, mcheshi, mwenye akili kali, naye alijibu kwamba ardhi isiyo na hati ni ya Taifa, kwamba Bunge limesema hivyo, na kwamba mila isiyoweza kuonyeshwa kwa macho ni hadithi za jioni.

Basi jaji, mama mmoja mtulivu, akaamua kuja kuiona mila kwa macho, na tarehe 14 Februari 2001, mchana, jua likiwa utosini, mahakama nzima ikasimama kwenye rundo la mawe la mpaka wa kaskazini, ambapo kwa desturi yetu kila anayepita hutaja jina lake, majina ya wazazi wake, na anachokwenda kufanya. Mzee Anselmo akajitaja, Domitila akajitaja, na Bwana Gillett, aliyekuwa amechoka na kutota jasho, akaweka mikono kiunoni na kupaza sauti.

"Mimi ni Egbert Gillett, wakili wa serikali, na sijaja kupanda mahindi! Haya, mwenye nyumba yupo?"

Nyenje wakanyamaza wote kwa pamoja, upepo ukakatika, na hata kijito kilicho chini ya mawe kikaonekana kinatiririka bila sauti, halafu kutoka ng'ambo ya mawe, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ikaja sauti ya mwanamke mzee, kwa Kikrioli cha mjini, ikisema polepole kama anayesema na mtoto wake mlangoni.

"Bertie. Futa miguu."

Kila mtu aliisikia. Bwana Gillett, ambaye mama yake alikuwa kaburini kwa miaka mingi na hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo, aliinama akavua viatu, akavishika mkononi, machozi yakimtoka bila kilio, na jaji akamgeukia mwandishi wa mahakama na kumuuliza kwa sauti ndogo kama ameyaandika maneno yale.

"Mheshimiwa," akajibu mwandishi, "niandike ni nani aliyesema?"

Jaji akaahirisha kikao mpaka kesho yake Punta Gorda.

Alasiri ile wazee walikusanyika kwenye jengo la mkutano wakiwa na furaha ya watu waliokwisha kushinda, wakamwambia Domitila kwamba kesho asimame aulize jambo moja tu, mmesikia au hamkusikia, naye akawajibu kwamba hatauliza, na baba yake mzazi akasimama mbele ya watu.

"Mlima umekusemea, nawe unauziba mdomo?"

"Baba, sauti isiyo na mwili haiwezi kuulizwa maswali," akasema Domitila. "Kampuni nayo ikija na sauti yake tutaikataa kwa hoja gani? Nataka sheria yetu isimame juu ya watu wanaolima hapa, wanaoweza kuitwa kizimbani na kubanwa."

"Na yule aliyesema?"

"Yule mimi namwogopa kama ninyi. Kwa hiyo simtaki awe jaji wetu."

Wapo waliotema mate chini, na wapo ambao hawakumsalimia tena mpaka walipokufa, lakini kesho yake alisimamisha mashahidi walio hai, mmoja baada ya mwingine, na Bwana Gillett, aliyekuja na macho mekundu, hakuigusa habari ya jana wala hakulegeza kamba, bali alimbana Mzee Anselmo ipasavyo, akimuuliza kama mila yao ni ya hakika au wanaigeuza kila inapomgusa mtu wanayempenda.

"Mgeni aliyeoa kwenu, mkewe akifa?" akauliza.

"Anarudi kwao."

"Hata mkweo, yule fundi aliyekaa pale nyuma?"

Mzee Anselmo akamtazama Bwana Alban, akamtazama binti yake, akasema, "Hata yeye."

Hukumu ilitoka tarehe 3 Mei 2002, ikisema kwamba mila ya Raxha ni chanzo cha haki ambayo Katiba inailinda, kwamba sheria ya Bunge haiwezi kuipiga teke, na kwamba kibali kile ni batili, na rufaa ya serikali ikatupwa mwaka uliofuata. Tangu siku ya mpakani, hata hivyo, jambo moja lilimwandama marehemu mpaka mwisho, nalo Bwana Alban amenipa ruhusa ya kulisema, kwamba kila alipofika kwenye mawe yale ili ajitaje, mwangwi wa jina lake ulirudi kutoka ng'ambo kabla hajafungua mdomo, na yeye alisubiri uishe, kisha akajitaja vile vile, kwa adabu, akapita.

Mwaka 2020 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Punta Gorda na baadaye Jiji la Belize, na Juni mwaka huu, 2022, akaomba arudishwe nyumbani. Katika siku hizo Bwana Alban, akimlisha mchuzi wa kuku kwa kijiko, alimwambia kwa utani uliokuwa na uchungu ndani yake.

"Domi, sheria uliyoishindia ndiyo itakayonifukuza."

"Najua, mume wangu."

"Waombe, basi. Wewe watakusikiliza."

"Nikiwaomba mimi, itakuwa sheria ya Domitila," akasema, akamshika mkono usio na kijiko, wakakaa hivyo mpaka mchuzi ukapoa.

Alifariki tarehe 9 Agosti 2022, saa tatu asubuhi, kitandani kwake, mumewe na wanawe wakiwa pembeni.

Jana alasiri alkalde wetu, Bwana Crisanto Bol, aliitisha mkutano wa kijiji kupanga mazishi, na Mama Fidelia Coc akasimama bila kutumwa na familia, akasema kwamba walioiweka mila ya wageni walikuwa watu waliokaa kwenye mabenchi kama haya, na sisi leo tumekaa, basi tuulizwe. Alkalde akauliza, wanaotaka Alban abaki wanyooshe mikono, akahesabu, akahesabu tena, kisha akatuhesabu sisi wenyewe, wale waliokubali na wale waliokataa, na mikono iliyonyooshwa ikawa imewazidi watu waliokubali kwa mmoja. Akatutoa nje wote, akatuingiza mmoja mmoja, akauliza upya, na ikawa vile vile, na hakuna aliyethubutu kugeuka kulitazama benchi la nyuma, lililokuwa tupu.

"Hata nikiuondoa huo mmoja, waliokubali ni wengi," akasema alkalde. "Mimi nahesabu wanaoweza kuulizwa. Alban abaki. Shusheni mikono."

Tukashusha, na baada ya mikono yetu yote kutulia magotini, kila mmoja wetu alisikia kule nyuma kitambaa kikisugua ubao, taratibu, kama mtu mzee anayeshusha mkono uliochoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili, majirani mliosaga mahindi na kuchemsha kakao tangu juzi, Padri wetu, mawakili wenzake na majaji mliofika, na Bwana Gillett, ambaye amekuwa rafiki wa nyumba hii kwa miaka ishirini na ambaye atasaidia kubeba jeneza.

Shangazi Domitila, mumeo yuko nyumbani na atabaki nyumbani, hilo tumeliamua sisi, nawe kazi yako imekwisha, pumzika sasa kwa amani.