Lydiah Ruguru Njagi, Aliyewatoa Watoto Mtoni

Marehemu Lydiah Ruguru alizaliwa Manyatta, Embu, tarehe 14 Machi 1951. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji. Kwa miaka arobaini alishona sare za shule sokoni Karurumo.

Hakuwa mtu wa kuamini haraka. Misheck Njagi alipomposa, Lydiah alikwenda mwenyewe kwa kina Misheck kuuliza majirani tabia yake. Majibu yalimridhisha, wakafunga ndoa kanisani Agosti 1972.

Novemba 2023, vijana walifika kijijini kutengeneza filamu ya watoto wanaomtafuta mukunga mbura, yule mnyama wa hadithi akaaye mtoni. Mjukuu wake Maxine alichaguliwa pamoja na wenzake watano. Marehemu alishuku mara moja. Watu wazima wanataka nini kwa watoto wa wenyewe? Alikubali kushona ngozi ya mnyama kwa magunia, ili tu awe karibu. Kila jioni aliwahesabu watoto wote sita.

Siku ya mwisho watoto walipaswa kuvuka mto. Marehemu aliona maji yamebadilika rangi, yanabeba majani mabichi.

“Watoto hawaingii,” alisema.

“Cucu, jua linawaka,” Lennox, mkubwa wa filamu, akamsihi bibi huyo. “Kesho tunarudisha kamera za watu.”

“Huku jua. Huko mlimani je?”

Alikunja sketi, akaingia majini, akamtoa kwa mkono Maxine aliyekuwa ametangulia na kuwafukuza wengine hadi juu ya ukingo. Watu walinung’unika kwamba mama huyu anaharibu kazi. Haikupita nusu saa, mafuriko yakashuka yakinguruma, yakabeba mnyama na magunia yake. Lennox aliketi chini akalia. Marehemu alimfunika kwa leso yake.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Kila kidonge aliuliza kazi yake. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025, hospitalini Embu, alimtazama bintiye Kanini.

“Unanificha nini?”

Kanini akamwambia ukweli: daktari alikuwa amesema siku zake zimekwisha.

“Haya. Hapo nimekuamini,” akasema, akamshika mkono. Alituacha kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mumewe Misheck, watoto wake Mugendi na Kanini, na wajukuu wanne.

Lala salama, mama yetu. Mungu akupe pumziko la amani.