Bibi Anastasia Sijaona, Ambaye Hakuzuia Risasi Hata Moja

Marehemu Bibi Anastasia Sijaona alizaliwa Makote, Newala, mwaka 1888. Mwaka huo haukuandikwa popote. Familia iliupata baada ya vikao viwili, na wanaoamini alizaliwa mapema zaidi wameombwa wanyamaze mpaka matanga yaishe.

Shule hazikuwepo. Alifundwa unyagoni, akatoka na sifa njema. Kusoma alijifunza mwaka 1926 katika mafundisho ya ubatizo, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Padri alimsifu kwa kiu yake ya Neno la Mungu. Mwenyewe alisema alitaka tu kuona watu wanaandika nini juu yake.

Maana yamesemwa mengi, na familia imeona ni heshima kuyapunguza kabla hajafukiwa. Newala mjini wanasema Wajerumani walimpiga risasi saba, zote zikageuka maji. Lisekese wanasema alikuwa haonekani. Chiungutwa wanasema aliwateremkia na mchi akaua askari wanne. Marehemu alifika Chiungutwa mara moja, mwaka 1934, arusini, na hakugombana na mtu isipokuwa mpishi.

Ukweli ni huu. Mwaka 1904 aliolewa na Nandonde, aliyekuja kubatizwa Barnaba, na mwaka uliofuata wakampata mtoto wa kwanza, Safari. Kazi ya marehemu, kama ya kila mwanamke wa huku juu, ilikuwa kulima na kuteka maji bondeni: kushuka kabla ya jua, kupanda na mtungi kichwani, kufika nyumbani jua la utosi. Katika nyumba za namna hiyo maji hayakai bure.

Septemba 1905 alipanda mjumbe kutoka upande wa Masasi na kibuyu cha dawa ya vita. Atakayenyunyiziwa, alisema, risasi ya Mjerumani itamwangukia kama matone ya mvua. Mzee Mussa, mkuu wa kijiji na mjomba wa Nandonde, alikipokea, akaona pa salama zaidi ni nyumbani kwa mpwa wake. Mke hakuambiwa, kwa kuwa yalikuwa mambo ya wanaume.

Marehemu alirudi kutoka porini na ming'oko, vile viazi vya mwituni tunavyovijua sote, ya kuwalisha wanaume kumi na mmoja waliokuwa na safari mchana ule. Akakuta kibuyu kimejaa maji. Alidhani mumewe ndiye ameteka, jambo ambalo lilipaswa kumtia shaka. Akainjika chungu.

Wanaume walikula, wakasifu, wakaenda kukaa chitala, banda lao la mikutano, kungoja kunyunyiziwa. Nandonde akaja kuchukua dawa.

"Mama Safari, kibuyu kiko wapi?"

"Hicho hapo mlangoni."

"Mbona kitupu?"

"Si nimechemshia ming'oko? Mmekula wenyewe."

Nandonde alikaa chini. Kisha akanong'ona, "Jaza maji mengine. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, siku watakayokuleta umeviringishwa mkekani."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaingia chitala, mahali asipoingia mwanamke, akasema alichofanya.

Yalizuka mabishano. Mzee Mussa alitoa rai kwamba dawa iliyoliwa ina nguvu kuliko ya kunyunyizwa. "Imeshaingia mwilini. Twendeni!"

"Imeingia tumboni, mjomba," akasema Husseni, mpwa wake mwingine. "Na mgongo je?"

"Kwani wewe unakusudia kuwapa mgongo?"

Watu wakacheka, na kicheko kikawatia moyo. Mmoja akainuka, wa pili akainuka. Nandonde naye akachukua upinde wake, bila kumtazama mkewe.

Marehemu, msichana wa miaka kumi na saba, alipiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bado upo?"

"Maji ya chungu niliyamwaga nje. Jogoo wako ameyanywa mpaka akachoka. Mpigeni yeye kwanza."

Jogoo akaletwa. Mzee Mussa akajaza gobori, akalenga, akapiga. Jogoo alikufa bila mjadala.

Hapo Husseni alikumbuka kwamba shamba lake la muhogo halijapaliliwa. Mwingine goti lilimuuma. Jua lilipotua kila mtu alikuwa kwake. Kwa kosa la kuingia chitala, marehemu aliadhibiwa kumtekea Mzee Mussa maji msimu mzima.

Baadaye habari zikapanda kutoka Masasi. Wengi waliokwenda na dawa hawakurudi, na wake zao hawakupata hata mwili wa kuzika. Wanaume wa Makote walipoulizwa mbona wao hawakwenda, walishindwa kumtaja jogoo. Walisema mizimu ilimwamuru mwanamke mmoja azuie vita kwa maji. Yaliyobaki yaliongezwa njiani.

Kuanzia mwaka 1968 marehemu alisumbuliwa na miguu. Walipokuja wageni kuomba mchi wake wa vita, aliwapa mchi, kwa sababu alikuwa nayo miwili. Walipoondoka alimwambia binti yake Veridiana, "Siku ya kunizika, msinizike mimi mkamlilia mtu mwingine. Mtajeni na yule jogoo." Alifariki nyumbani kwake Makote, Jumatatu tarehe 14 Juni 1971, saa tatu asubuhi, akiwa amemaliza uji.

Ameacha watoto watatu, Safari, Veridiana na Silvano, wajukuu kumi na tisa, na vitukuu ambao hawatulii wakahesabika. Wale wanaume kumi na mmoja walikufa vitandani mwao, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Husseni, mwaka 1958, akilalamikia mboga. Watoto na wajukuu wao ndio waliochimba kaburi hili, na ndio waliolibeba jeneza.

Pumzika kwa amani, Mama Safari. Wamekuja wote.