Mwanamume wa Daftarini

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha fundi saa, tunayemwita Majira. Wakaaji wake hawabadiliki: Majira mwenyewe, Wembe kinyozi wa jirani, Karani aliyestaafu ofisi lakini hakustaafu kalamu ya mfukoni, na mimi mwenye birika la kahawa. Alasiri hiyo Majira hakushika saa. Alishika daftari la mkewe, anayesoma Kiingereza katika darasa la watu wazima. Alilitoa juu ya kabati bila kuomba, na alitaka Karani amsomee ukurasa wa mwisho.

Karani alivaa miwani, akatafsiri taratibu: jana mwanamume mmoja alikuja nyumbani. Alikaa. Alikula. Hakusema kitu. Aliondoka.

— Jana mimi nilikuwa hapa, alisema Majira.

Tulikubali. Tulikuwa naye asubuhi hadi jioni, ukitoa ule muda mfupi wa chakula cha mchana.

Karani alieleza kwamba Waingereza hawana wakati uliopita mmoja. Lipo jambo lililokwisha ila athari zake zingalipo, lipo lililokuwa likiendelea, na lipo lililokwisha kabisa, mlango ukafungwa. Mama wa watu alitumia hili la mwisho.

— Basi kama limekwisha, nina wasiwasi gani?

— Wasiwasi ni kwamba ameliandika, alijibu Wembe.

Wembe aliwahi kutoa ushahidi polisi, na tangu hapo kila karatasi kwake ni maelezo ya kesi. Alisema ndivyo yanavyoandikwa: siku, nani alikuja, alifanya nini. Mwanamke huyo anaandaa faili. Karani alikataa. Lililomtisha yeye ni ule ukimya. Mgeni hubisha hodi, husalimu, hushukuru chakula. Anayekula bila kusema kitu ni mwenye mazoea na nyumba hiyo, pengine ya miaka.

Neno "miaka" lilimwingia Majira. Alianza kufungia bisibisi zake kwenye kitambaa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba leo mke huyo atalala kwa kaka zake, na kitasa kitabadilishwa.

Hapo akafika mwanamke mmoja kuchukua saa yake. Aliliona daftari magotini kwa Karani.

— Hilo si la shoga yangu wa darasani?

Alieleza bila kuulizwa. Mwalimu wao huwaambia kila mmoja aandike habari za mtu aliyemwona jana, bila kumtaja, kisha wenzake wakisie ni nani. Za shoga yake ziliwashinda. Mmoja alisema fundi bomba. Wengi walisema mpangaji.

— Alipotuambia ni mume wake, darasa zima tulicheka. Yeye hakucheka.

Bisibisi zilibaki nusu zimefungwa. Yule mwanamke alimtazama Majira bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kujua.

— Kwani shemeji, jana mchana ulimwambia nini?

Majira alimgeukia Karani, Karani akavua miwani na kuipangusa. Wembe alikumbuka ana mteja, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu. Mimi niliinamisha birika nimimine, nikawa natafuta kichwani nililomwambia mke wangu jana mchana, na kahawa ikafurika kikombeni.