Bi Mwanamkasi, Mlinzi wa Vilivyosahauliwa Vitabuni

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Mwanamkasi Hamad Kheir atafunga droo ya kaunta ya Maktaba ya Mkunazini kwa mara ya mwisho na kuukabidhi ufunguo wake. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na sita kasoro siku mbili. Siku mbili hizo aliziulizia ofisini, akaambiwa hazina neno. Akasema kwake zina neno, kwa sababu kitabu kikichelewa siku mbili yeye hajapata kumsamehe mtu, hata mumewe.

Alizaliwa Jongowe, Tumbatu, akaletwa Kikwajuni kwa shangazi yake akiwa na miaka saba ili asome. Hapo Kikwajuni alipata mwalimu wake wa kwanza, Bi Ulfat, mama aliyeweza kukusahihisha hata ukipiga chafya. Bi Ulfat alimshika mkono akamwandikisha alifu kwa kijiti mchangani kabla hajamkubalia kushika kalamu. Jina hilo mliweke kichwani, tutalihitaji mbele.

Aliingia kazini Julai 3, 1989, akapewa kupanga rafu. Wiki ya kwanza alivipanga vitabu kwa urefu, virefu na virefu wenziwe, vifupi na vifupi wenziwe. Rafu zilipendeza kama askari wa gwaride, na kwa siku nne hakuna aliyepata kitabu alichokitaka. Wapo wastaafu wenzake wanaoapa kwamba maktaba haijapata kuwa nzuri vile tena. Alipofundishwa kupanga kwa namba, hakukosea tena, na leo vitabu elfu kumi na moja vya jengo hili vimepita mikononi mwake kimoja kimoja. Mshona vitabu wa maktaba, ambaye ndiye aliyepewa kuandika wasifu huu ijapokuwa masomo yake yalikatika darasa la sita, anashuhudia kwamba hata kitabu kilichovunjika mgongo Bi Mwanamkasi hukijua jina lake gizani.

Lakini sifa yake kubwa haikutoka kwenye rafu. Ilitoka kwenye kukung'uta.

Kila kitabu kilichorudi, Bi Mwanamkasi alikishika majalada yake mawili, akakigeuza mgongo juu, akakikung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka baada ya maulidi. Vikaanguka vitu. Tiketi za boti, vyeti vya dawa, picha za pasipoti za watu wenye hofu usoni, mifupa ya samaki, mwiba wa mwaridi. Siku moja, ndani ya kitabu cha ufugaji wa kuku, kilianguka kikuba cha asumini, kile kishada cha kunukia anachojipamba mwanamke kwa mumewe, kimekauka kikawa kama majani ya chai. Nani anakwenda na kikuba kwenye kuku? Swali hilo lilimtesa. Hakuwa na wa kumuuliza, na hapo ndipo ugonjwa wa kuandika ulipomshika.

Mwaka 2008 alifungua blogu, akaiita Baina ya Kurasa. Wakati huo jengo zima lilikuwa na kompyuta moja, na ilikuwa ikiamka polepole kama mzee wa Ramadhani. Kila Jumatano iliyokubali kuamka, akipiga picha kitu kimoja kilichosahauliwa kitabuni, akakiandikia aya tatu au nne: kimekuja na kitabu gani, kinanukia nini, pengine ni cha mtu wa namna gani. Tulimcheka. Mshona vitabu alimuuliza inakuwaje takataka za watu anazianika mbele ya ulimwengu, naye akamjibu bila ya kuinua macho, "Mbona na wewe nshakuweka picha yako, Bakar. Mwezi wa pili huu, hakuna aliyekuulizia."

Hadi Machi mwaka huu alikwisha kuandika makala mia sita na kumi na mbili. Zinasomwa Pemba, Mombasa, Maskati na kwenye miji ya baridi ambayo majina yake hayatamkiki.

Hakuzaliwa anajua mambo ya mtandao. Aliyajua kwa kuungua. Mwaka 2010 alitundika karatasi iliyoandikwa: nazi mbili, bizari, dawa ya chawa, na chini yake, mama asijue. Kufika Ijumaa, Kikwajuni nzima ilikwisha kuutambua mwandiko. Mwenyewe alikuja maktaba kajifunika mpaka puani, akasema kwa sauti ndogo, "Bi Mwanamkasi, miye n'na harusi mwezi ujao." Aliifuta makala palepale, akenda harusini na zawadi, na tangu siku hiyo akawa na kanuni aliyoiandika kwenye jalada la daftari lake: mwenye nacho kwanza, msomaji baadaye. Kitu chenye jina la mtu hakitoki mpaka mwenyewe atafutwe, aulizwe, akubali. Akikataa, hurejeshewa chake na siri yake. Asiyepatikana, kitu chake hukaa ndani ya blogu kikiwa kimefichwa, kinamngoja.

Kungoja huko kulizaa matunda. Mwaka 2014, ndani ya kitabu cha hesabu, ilianguka barua ya baba kwa binti yake, haina anwani, haikupata kutumwa. Bi Mwanamkasi alionesha mstari mmoja tu usio na jina. Mayasa, binti mwenyewe, anayeishi Maskati, akautambua mkia wa herufi ya mwisho. Baba yake alikuwa akiuvuta mpaka ukingoni mwa karatasi. Alikuja mwenyewe, akakaa kiti cha dirishani, akasoma barua ya mtu aliyekwisha kuzikwa miaka tisa. Bi Mwanamkasi alimkabidhi, kisha akaenda kupanga rafu ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mpaka leo Mayasa huandika maoni yake kwenye blogu kila Ijumaa, na asipoandika, Bi Mwanamkasi humpigia simu kujua kama mzima.

Basi mwezi wa Aprili mwaka huu ikaja barua ya ofisi: siku ya kustaafu, baruapepe ya kazini ya mstaafu hufungwa. Wengine wangeshukuru. Bi Mwanamkasi alikaa chini. Blogu yake aliifungua kwa baruapepe hiyohiyo ya kazini, na neno la siri la kuingilia alikuwa halikumbuki. Hakuwa na haja ya kulikumbuka, kompyuta ya kaunta ilikuwa ikimkumbukia, na kompyuta hiyo ilikufa mwezi wa Machi, ikachukuliwa.

Nadra, fundi wetu wa kompyuta, alimweleza hali ilivyo. Makala zinazoonekana angeweza kuzinakili, ingawa kwa taabu. Lakini humo ndani mlikuwa na vitu mia na arubaini vilivyofichwa, barua na picha zinazowangoja wenyewe, na karatasi zake nyingi zilikwisha kuliwa na mchwa. Njia ilikuwa moja. Mashine ingemuuliza swali lake la siri. Akijibu sawasawa, ingemletea njia ya kuingilia kwenye baruapepe ya kazini. Baada ya Juni 30 hapatakuwa na baruapepe ya kuipokea. Na kwa siku, mashine husikiliza majibu matatu tu.

Swali likatokea: Mwalimu wako wa kwanza ni nani? Bi Mwanamkasi akacheka kwa raha. Akaandika: Marehemu Bi Ulfat. Mashine ikakataa. Akaandika: Marehemu Mwalimu Ulfat. Ikakataa. Marehemu Bi Ulfat Tahir. Ikafunga mlango mpaka kesho.

Kesho yake matatu mengine, na keshokutwa matatu. Wakajaribu kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa nukta. Wakaandika Marhumu, wakaandika Al-marhumu, mpaka Nadra akakumbushwa kwamba hilo ni la wanaume na Bi Ulfat angemchapa. Wiki ikapita. Bi Mwanamkasi akaacha kunywa chai ya saa nne. Siku ya saba alipokea kitabu akakiweka rafuni bila ya kukikung'uta, na hapo jengo zima likajua kuna msiba.

Siku ya nane mshona vitabu alipita kaunta kutafuta gundi, akawakuta wamekodoa macho. Kwa kuwa hana jengine la kusema ila mzaha, akasema, "Hiyo mashine inakataa kwa hasira. Si hamkuialika hitima ya Bi Ulfat."

Nadra aligeuka taratibu. "Bi Mwanamkasi, mwalimu alifariki lini?"

"Mwaka wa kumi na sita. Mfungo sita, mwezi wa maulidi, nakumbuka."

"Na swali hili ulilijibu mwaka gani?"

Blogu ilifunguliwa mwaka wa nane. Alipolijibu, Bi Ulfat alikuwa hai, yuko Kikwajuni, anasahihisha watu chafya. Mashine haikupata khabari ya kifo. Ilikuwa ikimjua mwalimu mzima, na sisi wiki nzima tulikuwa tukiipelekea maiti.

Mtu wa kwetu, ukimtoa mshona vitabu asiye na adabu, hawezi kulitaja jina la aliyetangulia bila ya kulitangulizia neno lile, Marehemu. Si sheria ya kuandikwa, ni ulimi tu; mtoto hulipata pamoja na maziwa. Bi Mwanamkasi aliweka vidole kwenye vibonye, akaviondoa. Nadra akajitolea kumwandikia. Akakataa. "Nimemuosha kwa mikono hii, mwanangu. Leo nimwandike kama yupo Kikwajuni anapika?"

Akasoma Fatiha, akafuta uso, akasema, "Nisamehe, mwalimu," na akaandika maneno mawili, Bi Ulfat, moja moja, kama mtoto anayeandika mchangani. Mlango ukafunguka. Makala mia sita na kumi na mbili, vitu mia na arubaini vinavyongoja wenyewe, na maoni yote ya Mayasa, vikateremka mbele yake. Kitabu cha siku ya saba alikwenda kukitoa rafuni akakikung'uta. Kilitoa tiketi ya boti.

Tangu hapo hafanyi mchezo. Blogu imehamia kwenye baruapepe yake mwenyewe. Nakala ziko kwenye flashi mbili, moja hapa maktaba na moja nyumbani kwake Mpendae, kabatini, pamoja na vyombo vyake vya harusi ambavyo hata wageni hawalii chakula. Makala zote zilizoonekana zimechapwa zikashonwa majuzuu sita, uzi maradufu, na mshonaji hakulalamika hata mara moja, jambo lililozua maswali. Tena ameandika wasia wa blogu: nani aifungue akitangulia yeye, vitu vipi vioneshwe, vipi virejeshwe, vipi vifutwe bila ya kusomwa. Kuna watu wana nyumba tatu Fumba na hawajaandika mstari. Wasia anao Nadra, kwenye bahasha iliyotiwa gundi.

Swali la siri nalo limebadilishwa, kwa hiyo wenye tamaa wasijisumbue na jibu lililotajwa humu. Jibu jipya hatulijui. Amesema tu kwamba safari hii amechagua kitu kisichokufa wala kustaafu, na alimtazama mshona vitabu kwa namna inayotia wasiwasi.

Huko Mpendae hatapumzika. Majirani wamekwisha kuambiwa walete vitabu vyao vikung'utwe, na Jumatano ya kwanza ya Julai makala ya mia sita na kumi na tatu, ya kwanza tangu Machi, itatoka palepale. Ya kikuba, bado hajampata mwenyewe. Kama ni wewe, umeolewa au hukuolewa, mwandikie. Anajua kunyamaza.

Bi Mwanamkasi, ahsante kwa rafu, kwa kanuni, kwa ukali na kwa kutukung'uta na sisi tulipoingia vumbi. Kuanzia Jumanne jina lako litatanguliziwa neno jipya, Mstaafu. Lizoee, halina ubaya. Lile jingine, tunamuomba Mungu alicheleweshe kuliko kitabu chochote kilichopata kuchelewa kurudi kwenye kaunta yako, na safari hii usimtoze mtu. Nenda ukaishi vizuri.